Baba Anazaliwa Dirishani

Mliniacha bafuni wiki nzima, wasomaji wangu, na hakuna hata mmoja wenu aliyepita kunifungulia. Haya. Nimewasamehe.

Kwa waliochelewa: mimi ni fundi wa vitasa na makufuli. Mtu akifungiwa nje ya nyumba yake mtaani kwetu, jina la kwanza kumtoka mdomoni ni la Mungu, la pili ni langu. Mke wangu ni mwokaji kwenye kiwanda cha mikate, na kazini kwake wamempa nafasi ya kwenda kusomea keki mji wa mbali, miezi mitatu. Swali likawa, watoto watabaki na nani?

"Na baba yao," nikasema.

"Na bibi yao, kwangu," akasema mama mkwe, ambaye hajawahi kuniamini hata na trei ya mayai.

Basi Jumamosi ile mama mkwe alikuwa anakuja kunikagua. Akiridhika, watoto wangebaki. Asiporidhika, wangeondoka naye. Mke wangu alikuwa kazini. Nikaingia bafuni kuoga ili nimpokee mkaguzi wangu nikinukia vizuri. Nikamaliza, nikajifunga taulo, na ndipo niliposikia ufunguo ukizunguka kwa nje.

Kliki.

Aliyeuzungusha ni mwanangu wa kiume, wa miaka mitatu. Tunamwita Msumari, kwa sababu akishaingia mahali hatoki mpaka avutwe.

"Msumari," nikaita kwa sauti tamu, sauti ya mtu anayeuza kitu kibovu, "mfungulie baba."

"Hapana."

"Basi rudisha ufunguo pale ulipokuwa, dada yako atafungua."

"Umelala."

"Nani amelala?"

"Ufunguo. Nimeufunika."

"Uamshe basi, baba."

"Utalia," akasema, na nikasikia nyayo zake zikiondoka polepole, kama za mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Kitasa kile nilikifunga kwa mikono yangu. Msumari alikuwa na tabia ya kuogesha viatu vyetu chooni, nami nikaona nimkomeshe. Kinafunguka kwa ufunguo tu, uwe ndani uwe nje. Siku ya kukifunga nilimtambia mke wangu: "Hiki hata mwizi mwenye shahada hakiwezi!" Sasa nilikuwa nakitazama kwa ndani, bila bisibisi, bila waya, bila suruali. Mfuko wa vifaa ulikuwa sebuleni. Chini ya mlango nako nilishapigilia mpira wa kuzuia maji, na nilipigilia vizuri. Hata karatasi haipiti.

Mganga hajigangi.

"Spika!" nikaita.

Spika ni binti yangu wa miaka sita. Jina hilo alipewa na majirani. Ukimnong'oneza jambo wakati wa chai, wakati wa chakula utaulizwa habari zake na watu usiowafahamu.

"Naam, baba."

"Ufunguo uko wapi?"

"Msumari kaulaza. Hataki kusema wapi."

"Chukua simu yangu mezani. Bonyeza picha ya Koki."

Koki ni fundi bomba, mgane wa miaka hamsini na kidogo, rafiki yangu wa chanda na pete. Kila jioni tunacheza drafti mbele ya duka langu, na kila jioni tunagombana. Nilijua atakuja, atanicheka mpaka alie, na hatamwambia mtu. Kwa siku ile, nilikuwa radhi kuchekwa.

Spika akapiga. Nikamsikia vizuri sana. Sote tulimsikia.

"Haloo, Koki? Shikamoo. Baba amefungwa." Kimya. "Ndiyo, amefungwa. Analia kidogo."

"Silii!"

"Anasema halii." Kimya tena. "Haya. Kwaheri." Kisha akanigeukia mlangoni. "Baba, anakuja. Ameuliza ni kituo gani."

"Kituo gani cha nini?"

"Sijui. Amekata."

Sikupata nafasi ya kulitafakari hilo, maana nilikumbuka jambo kubwa zaidi. "Spika, mwanangu, sikiliza. Bibi akifika kabla ya Koki, usimwambie niko humu."

"Nimdanganye?"

"Usimdanganye. Nyamaza tu."

Akafikiri. "Kunyamaza ni kugumu, baba."

Na kabla sijampa ushauri, mlango wa mbele ukabishwa.

"Hodi humu!"

Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu. Sauti yake imezoea kuwaamuru watu wasukume, na watu wamekuwa wakisukuma. Nikajikuta nimesimama wima bafuni, mikono ubavuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe hapo chini ya meza, huamkii?"

"Nalinda," akajibu Msumari.

"Baba yenu yuko wapi?"

Spika akanyamaza. Nilimsikia akinyamaza. Alikuwa anapumua kwa nguvu kama mtu aliyebeba gunia.

"Wewe mtoto, nakuuliza. Baba yako yuko wapi?"

"Amefungwa!" Likamtoka kama kizibo.

"Ati nini?"

"Amefungwa, bibi. Yuko ndani."

"Yuko ndani! Mungu wangu! Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Amefanya nini?"

"Amesema nisiseme."

Nikasikia kiti kikilia. Mama mkwe alikuwa ameketi, na hakuketi taratibu.

Hapo ndipo nilipomwelewa Koki na kituo chake. Ningeweza kupiga kelele wakati uleule, "Mama, niko huku!" Nilifungua mdomo, nawaapia. Kisha nikapima. Mfungwa wa serikali anaweza kusema amesingiziwa. Mfungwa wa Msumari atasema nini? Mtu amekuja kuangalia kama naweza kuwatunza watoto, naye anikute watoto ndio wanaonitunza mimi?

Nikafunga mdomo. Nikasema Koki atafika, atajua la kufanya.

Baada ya nusu saa Koki akafika. Alikuja mbio, nilimsikia akihema toka kibarazani.

"Wewe!" akasema mama mkwe.

"Wewe!" akasema Koki.

Wasomaji wangu, mna masikio. Kuna "wewe" ya mshangao na kuna "wewe" nyingine. Hizi mbili zilikuwa nyingine.

"Watoto, nendeni chumbani mkacheze," mama mkwe akasema kwa sauti laini ambayo sikujua kama anayo. Nikasikia miguu midogo ikienda. Sasa sauti zao zikashuka, lakini bafu letu na sebule vinatenganishwa na mlango huohuo tu, na mimi tayari nilikuwa nimeubandika sikio.

"Mtoto alinipigia," Koki akasema. "Nimekimbilia kituo cha polisi, wananiambia hawamjui. Nimekwenda na cha pili, hawamjui. Nimemnunulia na mkate."

"Nilimwambia binti yangu. Yule mtu mimi nilimwona tangu mwanzo."

"Usimseme vibaya. Ni mtu mwema. Drafti tu ndiyo hajui."

"Sasa jambo letu? Leo ndiyo nilikuwa nimejipa moyo. Nilisema binti yangu akirudi kazini, namkalisha, namweleza mimi na wewe."

"Tutasubiri. Tumesubiri mwaka mzima, tutashindwa wiki moja? Tutasubiri, wangu wa ubani."

Wangu wa ubani!

La kuvunda halina ubani, walisema wahenga. Hili langu lilikuwa limevunda na ubani umo humohumo.

Nikakaa juu ya kifuniko cha choo. Koki! Koki ambaye jana yake tu nilimwita zuzu mbele za watu kwa sababu alinila kete mbili! Akimwoa mama wa mke wangu, ndiye baba mkwe. Nitaanza kumwamkia. Nitampokea mfuko mlangoni. Nitamwita "Baba," naye, ninavyomfahamu, ataitikia polepole ili alifaidi.

Nikainuka nisogee karibu zaidi. Mguu ukakanyaga sabuni. Sikuanguka mimi. Niliangusha ndoo, brashi, na lile kopo la chuma la kuogea, kimoja baada ya kingine.

Sebuleni miguu ikasogea kuja mlangoni kwangu.

"Kuna mtu," Koki akanong'ona.

"Mwizi," mama mkwe akanong'ona, na kisha akaacha kunong'ona. "Wewe mwizi! Toka humo! Nina fagio!"

"Siwezi kutoka, Mama," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea. Kisha nikasikia fagio likianguka. "Ni nani huyo?"

"Ni mkweo."

"Kumbe hujafungwa?"

"Nimefungwa, Mama. Ila si na serikali."

Ilibidi nieleze yote kupitia mlangoni. Nikaeleza kitasa, nikaeleza Msumari, nikaeleza ufunguo uliolala. Koki alianza kucheka pale kwenye "umefunikwa," akaendelea kucheka hadi nilipomaliza. Mama mkwe hakucheka.

"Umekuwa humo muda wote?" akauliza.

"Muda wote, Mama."

Koki naye akaacha kucheka.

Walimwita Msumari. Bibi akampigia magoti, akambembeleza. Ufunguo umelala wapi, mjukuu wangu? Kitandani. Wakafunua kitanda chake. Si hicho. Wakafunua cha Spika, wakafunua chetu. Si hivyo. Kitanda chake yeye ufunguo, Msumari akaeleza, akawawekea kidole mdomoni wote wawili wapunguze sauti.

"Nivunje mlango?" Koki akauliza.

"Thubutu!" nikapiga kelele. "Watu wakisikia fundi wa vitasa kavunjiwa mlango wa kwake, nitamfungia nani kitasa tena?"

"Basi dirisha," akasema mama mkwe. "Dirisha la huko nyuma."

"Ni dogo, Mama."

"Mwanangu, mimi nimetoa watu mahali padogo kuliko hapo maisha yangu yote."

Dirisha la bafu letu linatazama uchochoro wa nyuma, ambamo kwa kawaida hupita paka na mtoza taka. Koki akaenda, akachomoa vioo kimoja kimoja, akang'oa na vishikizo vyake. Mimi nikatafuta nguo. Zangu zilikuwa kitandani. Nyuma ya mlango kulining'inia gauni la kulalia la mke wangu, la njano, limechorwa bata mbele na nyuma. Nikajiambia, taulo linaanguka, gauni halianguki. Nikalivaa.

Nikapanda juu ya ndoo. Nikatoa kichwa, nikatoa mkono mmoja, nikatoa na bega. Bega la pili likafuata kwa shida. Nikajisukuma kwa vidole vya miguu, ndoo ikateleza ikaenda zake, na hapo nikakwama. Nusu yangu ilikuwa uchochoroni, nusu ilikuwa ikining'inia bafuni ikipiga mateke hewa.

Koki akanishika mikono akavuta.

"Unaniua!"

"Mwache!" mama mkwe akaamuru. "Usivute. Nani aliyekufundisha kuvuta?" Akainama, akanitazama kwa kichwa kilichoinamishwa upande, macho ya kazi. "Kichwa kimetoka. Mabega yametoka. Nyonga ndizo zenye ubishi. Koki, nenda ndani ulete mafuta ya kupikia na kitambaa. Na uwaangalie watoto."

Koki akaenda. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, uso kwa uso. Mimi nilikuwa nimevaa bata.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Umesikia."

"Nimesikia, Mama."

"Yote?"

"Hadi kwenye ubani."

Akavuta pumzi. Nilitegemea anikaripie. Badala yake akakalia tofali lililokuwa pale, mkunga wa watu, akapangusa mikono kwenye gauni lake ingawa ilikuwa safi.

"Unajua kwa nini nilitaka hawa watoto waje kwangu?"

"Kwa sababu mimi si mtu wa kuaminiwa."

"Hilo nalo lipo." Akatabasamu kidogo, tabasamu likaisha. "Nyumba yangu imenyamaza. Napika, sufuria inabaki nusu. Nawasha redio ili nisikie mtu akinisalimia. Miaka arobaini nimeishi kwenye vilio vya watoto wachanga, mwanangu, leo nasikia saa ya ukutani. Siku bomba lilipopasuka, binti yangu akanitumia huyu rafiki yako. Akatengeneza bomba. Akauliza kama kuna chai. Wiki iliyofuata bomba likapasuka tena."

"Lilipasuka lenyewe?"

"Nililipiga na mchi."

Nilicheka, na kucheka mtu akiwa amebanwa kiunoni kunauma.

"Sasa hata watoto wakibaki na wewe sitakufa," akaendelea. "Ninachoogopa ni binti yangu. Alimpenda marehemu baba yake kupita kiasi. Ataniona nimemfukia mara ya pili. Nataka nimwambie mimi, kwa mdomo wangu, siku nitakayoiweza. Asisikie kwa mtu mwingine." Akanikazia macho. "Ukinitunzia hili, leo jioni nitamwambia watoto wako katika mikono mizuri."

"Hata baada ya haya, Mama?"

"Hata baada ya haya."

Wasomaji wangu, najua mtanihukumu. Kumficha mke jambo la mama yake ni kujichimbia kisima. Lakini nami nina watoto wawili, na nilikuwa nimewazia nyumba bila kelele zao miezi mitatu, mimi na saa ya ukutani. Nikampa mkono wangu uliokuwa huru. Akaushika. Tukapatana kiume.

Koki akarudi na mafuta. Nyuma yake walikuja Spika na Msumari, maana kumwambia Koki aangalie watoto ni kumwambia aje nao.

Mama mkwe akanipaka mafuta ubavuni bila kuniuliza. "Sasa. Usisukume mpaka nikuambie. Pumua kwa pua. Toa kwa mdomo. Hivyo hivyo. Umeshafanya hivi?"

"Sijawahi, Mama!"

"Wa kwanza husumbua. Pumua."

Nikapumua. Na Spika, aliyekuwa akitazama kwa macho makubwa, hatimaye akaelewa anachokiona. Akajaza mapafu.

"Msumariii! Tazama! Baba anazaliwa!"

Nyumba za uchochoro ule zina madirisha mengi kuliko nilivyojua. Yote yakafunguka. Mama muuza mitumba akatokea na vibanio vya nguo mdomoni. Kinyozi akaja na mteja wake, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Mwishoni akatokea jirani wa nyumba ya kona, ambaye wiki ileile nilimfungia kitasa kama kile cha bafuni, na nikamwambia maneno yale ya mwizi mwenye shahada.

Akanitazama. Akatazama gauni. "Fundi," akasema taratibu, "kile kitasa changu... nacho ni hiki?"

"Sukuma!" mama mkwe akaamuru.

Nikasukuma. Koki akapokea, mama mkwe akazungusha nyonga zangu upande kama anazungusha kochi kwenye mlango mwembamba, na nikatoka mzima kwa mpigo nikaangukia juu ya fundi bomba. Uchochoro ukapiga vigelegele. Mtu akauliza ni wa kike au wa kiume.

Nikiwa bado nimelala chini nikitafuta pumzi, Msumari akaja akachuchumaa kando ya kichwa changu, akanifungulia kiganja. Ufunguo. Ulikuwa umefungwa vizuri ndani ya soksi yake mwenyewe, ukapakatwa kutwa nzima.

"Baba," akasema kwa upole, "umeamka."

Sikujua ananiambia mimi au anausema ufunguo.

Mke wangu aliporudi alitukuta sebuleni tumetulia kama watu wa kwenye picha. Mimi nilikuwa nimevaa shati lililopigwa pasi. Watoto wamenawishwa. Vioo vya dirisha vimerudi mahali pake. Koki, mguu wake umevimba kidogo, anakunywa chai upande wa kulia. Mama mkwe yuko upande wa kushoto, mbali kabisa na Koki, akitazama ukuta.

"Mama, umemkutaje mkweo?" mke wangu akauliza akivua viatu, nywele bado zina unga.

Nikashika pumzi, safari hii bila kuamriwa.

"Wako katika mikono mizuri," mama mkwe akasema. "Nenda kasome keki zako. Watabaki na baba yao."

Mke wangu akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akamkumbatia mama yake, kisha akanikumbatia mimi, akanikumbatia kwa nguvu pale ubavuni penye michubuko, nami nikacheka ili nisilie. Tumeshinda, nikajisemea. Watoto wangu wanabaki.

"Na Koki yupo!" akasema kwa furaha. "Afadhali. Nilikuwa namwomba Mungu nimkute." Akarudi mlangoni. "Ingia, ndugu yangu, ingia, ni nyumbani."

Akaingia dada mmoja wa makamo, mzuri, mpole, ameshika boksi la keki kwa mikono miwili. Nilimfahamu: ni keshia wa pale kiwandani.

"Koki," mke wangu akasema, "mwanamume hawezi kukaa peke yake miaka yote hii, anakunywa chai za watu. Nimehangaika kimyakimya. Nataka ufahamiane na huyu dada. Hana mtu, nawe huna mtu. Kaa hapa, dada, kaa karibu naye."

Dada akakaa karibu naye. Chai ya Koki ikaenda njia isiyo yake, akaanza kukohoa. Dada akampigapiga mgongoni kwa huruma.

Mama mkwe akaacha kutazama ukuta.

"Una miaka mingapi, mwanangu?" akamuuliza dada, kwa sauti ya wodini.

"Arobaini na sita, Mama."

"Bado mdogo sana kwa mikosi."

"Mama!" mke wangu akashangaa. "Ndiyo nini hiyo?"

"Nasema tu."

Nikamkonyeza Koki aseme kitu. Koki akanikonyeza mimi niseme. Tukawa tunakonyezana kama taa za njia panda.

"Lakini mama," akasema Spika.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono nyuma, amejibana hadi mashavu yamevimba. Ndipo nilipokumbuka kwamba chumba cha watoto nacho kina mlango, na mlango una tundu la ufunguo, na tundu lile nililitoboa mimi.

"Spika," nikasema haraka, "nenda kalete sahani za keki."

"Lakini mama, Koki hawezi kuoa," akasema Spika. "Koki tayari ana bibi."

Dada wa keshia akaondoa mkono mgongoni mwa Koki kama umeungua.

"Ana bibi?" Mke wangu akageuka polepole. Hakumgeukia Koki. Alinigeukia mimi. "Rafiki yako ana bibi? Unacheza naye drafti kila siku, na ulijua, na umeniacha nimlete mtoto wa watu hadi humu ndani nimwaibishe?"

"Mama Spika, ngoja..."

"Ulijua au hukujua?"

Nikamtazama mama mkwe. Uso wake ulikuwa umekauka. Hakunitisha, wala hakunikanya kwa jicho. Aliniangalia tu, mikono yake miwili imeshikana magotini, kama mama anayesubiri kuambiwa amepata nini. Nikisema sikujua, nitakuwa nimemdanganya mke wangu usoni. Nikisema nilijua, swali linalofuata ni moja tu.

"Nilijua," nikasema. "Nimejua leo."

"Ni nani huyo bibi?"

Nikanyamaza. Binti yangu alisema kweli, kunyamaza ni kugumu.

Mke wangu akachoka kunisubiri. Akapiga magoti mbele ya Spika, akamshika mabega, akalainisha sauti. "Mwanangu, niambie mama. Bibi wa Koki ni nani?"

Spika akamtazama mama yake kwa mshangao, kama anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Bibi," akasema.

"Ndiyo, mwanangu. Bibi yupi?"

Spika akainua kidole. Na kabla kidole hakijafika kilipokuwa kikienda, mama mkwe akasimama.